Mpunga Mkono wa Kituo cha Nne

Kama hujawahi kufika nchini kwetu, usijisumbue. Hata sisi tuliozaliwa humu tunashauriwa kuitazama kwa miwani, maana ukiitazama kwa macho matupu unaweza kupungukiwa uzalendo.

Miwani hiyo ndiyo fahari yetu. Mtu yuko huko nchi za theluji, kakaa kwenye kochi lake, anajivika dude jeusi usoni, na papo hapo yuko kwetu, Mtaa wa Uhuru Mpya. Akigeuza shingo kulia anaona duka la viatu. Akigeuza kushoto anaona mama anauza maandazi. Hakanyagi tope, haumwi na mbu, haulizwi na polisi anatoka wapi. Serikali iliuita mpango huo Ziara ya Miwani, na siku ya uzinduzi Mheshimiwa Waziri wa Sura ya Nchi alihutubia mpaka kipaza sauti kikakata tamaa.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani mgeni alikuja kuijua nchi. Sasa nchi inamfuata mgeni sebuleni kwake. Sisi ni taifa la kwanza katika ukanda huu kusafiri bila kuondoka!"

Tukapiga makofi. Kwa makofi hatujambo. Mtu akitua tu mzigo karibu yetu, tunapiga.

Picha zenyewe zilipigwa asubuhi moja tu. Gari lilipita polepole, na juu ya paa lake kulikuwa na kitu mfano wa sufuria lenye macho kila upande. Hakuna aliyetuambia ni nini. Wenye nyumba walidhani ni gari la kupulizia dawa ya mbu, wakafunga madirisha, ndiyo maana wageni wanaotuzuru kwa miwani huona mtaa mzima umefunga madirisha mchana kweupe. Huambiwa ni utamaduni wetu wa kale.

Mimi naitwa Tindwa. Katika Ziara ya Miwani, Kituo cha Nne, mimi ni mgongo. Gari lilipopita nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta nasoma tangazo la mkutano wa hadhara, na kamera ikanichukua kwa nyuma, shati la kijani, kichwa nimekiinamisha kidogo. Nakiri kwamba kwa nyuma naonekana kama mtu anayefanya jambo jingine kabisa ukutani. Wageni wameuliza mara nyingi. Wizara imewajibu kwamba raia wetu wanapenda sana kusoma.

Nyuma yangu, kando ya barabara, alisimama Mwinjuma.

Mwinjuma si wa mjini. Kwao ni Mlimbogo, safari ya kutwa kucha kwa basi. Siku ile alikuja mjini kwa jambo moja tu, kununua beseni la kuogeshea mtoto. Mkewe, Sikudhani, alikuwa na mimba changa, changa mno, kiasi kwamba majirani walimcheka: beseni gani linanunuliwa mtoto hajaota hata masikio? Lakini alikuwa baba kwa mara ya kwanza, na baba wa mara ya kwanza haambiliki. Akanunua beseni la bluu, akalikumbatia kwapani, akasimama kando ya barabara. Alipoliona basi la Mlimbogo kwa mbali akainua mkono alisimamishe. Hapo ndipo sufuria lenye macho likapita.

Akapanda basi lake, akaenda zake. Hakujua kwamba mkono wake umebaki.

*

Mgeni wa kwanza kutoka kwenye miwani na kuja kwa miguu yake alikuwa bibi mmoja aitwaye Hildrun. Alishuka kwenye ndege, akafika Mtaa wa Uhuru Mpya, akaangaza huku na huku, kisha akarudi hotelini na kuuliza kwa upole, kama anavyouliza mtu aliyesahau mwavuli wake: "Yule bwana aliyenipungia mkono yuko wapi?"

Basi, hilo tu. Hakufoka, wala hakudai chochote. Alikaa siku zake, akala ndizi zake, akaondoka. Lakini kwetu swali la mgeni halijibiwi, hutekelezwa. Likapanda ngazi kutoka kwa mhudumu mpaka kwa meneja, likafika kwa Mkurugenzi, likaingia Baraza la Mawaziri likiwa limeshanenepa, sasa linaitwa Kashfa ya Kutolingana.

Baraza likakaa. Njia zilikuwa mbili: ama picha ibadilishwe ifanane na nchi, ama nchi ibadilishwe ifanane na picha. Mheshimiwa Waziri alisimama akafafanua kwamba picha ilipigwa na wataalamu, tena ilizinduliwa kwa kukatwa utepe, na kitu kilichokatiwa utepe hakiwezi kuwa na makosa. Nchi, kwa upande wake, haijawahi kukatiwa utepe.

Ikapitishwa Sheria ya Ulinganifu. Kila kilichoonekana katika picha kirudi mahali pake, kwa vazi lile na mkao ule, tangu jua linapochomoza hadi linapozama, siku zote, asije mgeni mwingine akakuta pengo.

Utekelezaji ulikuwa wa kupigiwa mfano. Shimo la katikati ya barabara, ambalo mkandarasi alikuwa ameshalifukia baada ya kilio cha miaka, lilichimbwa upya kwa vipimo vya kitaalamu na kujazwa maji machafu yaleyale, kwa kadiri yalivyoweza kupatikana. Saa kubwa ya duka la viatu ilizuiwa kutembea, maana katika picha ni saa nne na robo. Na mbwa aliyelala chini ya meza ya maandazi, alipokufa kwa uzee, nafasi yake ilitangazwa. Waombaji walikuwa wengi, wengine na shahada. Aliyepata ni mpwa wa Mkurugenzi, Kaimu Mbwa, na nathubutu kusema analala vizuri kuliko marehemu.

Mwinjuma alifuatwa Mlimbogo kwa gari la serikali. Kijiji kizima kilitoka kumpongeza, wakidhani kapata kazi. Mkewe akamfungia mihogo ya njiani. Alipokuwa anapanda, dereva akamuuliza, "Beseni liko wapi?"

"Beseni la nini?"

"Kaka, kwenye picha una beseni. Usitutie matatani."

Basi beseni nalo likachukuliwa. Sikudhani akabaki mlangoni na tumbo lake.

*

Msimamizi wetu wa Kituo cha Nne ni Afisa Ulinganifu, Bi. Zawena, mwanamke nadhifu mwenye kishikwambi. Hupita mbele yetu akitazama kioo, akitutazama sisi, akitazama kioo tena. Si mtu mbaya. Ni mtu anayelinganisha.

"Mwinjuma, kiwiko juu. Beseni umelishusha. Na wewe Tindwa, shingo, shingo! Leo unaonekana unasoma kweli."

Siku ya kwanza Mwinjuma alimuuliza kwa adabu, "Samahani mama, tunapumzika saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Bi. Zawena akaitazama saa ya duka. "Nne na robo."

Aliuliza tena jua lilipokuwa utosini. Akajibiwa nne na robo. Baada ya hapo hakuuliza tena, nami nikajua ameanza kuizoea nchi yake.

Lakini adha yake kubwa haikuwa njaa wala mkono kufa ganzi. Ni lile basi la Mlimbogo. Kila siku lilipita palepale, mbele ya pua yake, naye kila siku alikuwa kasimama kando ya barabara kainua mkono kama abiria. Na kila siku halikusimama, kwa kuwa katika picha hakuna basi, na dereva alikuwa ameonywa akisimama hapo leseni yake itapewa mtu anayejua kuangalia picha. Kuna sheria moja tu yenye nguvu kuliko hiyo, ya zamani, isemayo kwamba chombo chochote chenye magurudumu kitasimama mgeni akiinua mkono, hata kama ni gari la zimamoto linalokwenda motoni. Lakini Mwinjuma hakuwa mgeni. Huo ndio msiba wa kuzaliwa mahali.

Mimi sikuwa nikimwona, nilikuwa na ukuta wangu, na ya kuonekana alinisimulia usiku. Nilisikia tu injini inakuja, inanguruma, inapita, inafifia. Kisha namsikia Mwinjuma anashusha pumzi.

"Limepita, kaka Tindwa."

"Nimesikia, ndugu yangu."

"Siti za nyuma zilikuwa tupu."

Niliendelea kusoma tangazo langu. Mkutano wa hadhara, wote mnakaribishwa.

*

Habari ya mtoto ilifika kwa mwendo kasi. Siku hiyo basi lilipokaribia, utingo alining'inia mlangoni kwa mkono mmoja akapaza sauti: "Mwinjuma! Umepata binti! Mama na mtoto wazi—"

Sehemu iliyobaki ilikwenda na vumbi.

Nilitaka kugeuka nimkumbatie. Mtu kapata mtoto, jamani, na mtu wa kwanza kumpongeza alikuwa Bi. Zawena.

"Hongera, Mwinjuma. Mdomo tafadhali. Kwenye picha mdomo umefungwa."

"Mama, naomba ruhusa. Siku tatu tu. Nikamwone, nimpelekee beseni, nirudi."

Bi. Zawena alitazama kishikwambi chake kwa muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole, akatafuta, akatafuta tena. Naamini alitafuta kwa moyo safi.

"Hapa huna mtoto," akasema.

Usiseme mbona hakupiga simu. Mnara wa simu wa Mlimbogo unatumia jua, na jua likizama nao unalala. Sisi tunaachiwa jua likizama, tunakwenda kulala Bweni la Walinganifu, nyuma ya ukuta wangu. Kwa hiyo saa ambayo Mwinjuma aliweza kusema, kwao hapakuwa na wa kusikia. Zikabaki zile jumbe za kuandika: akituma jioni, kwao unafika asubuhi. Wao wakituma mchana, yeye anasoma jioni. Wala mkewe hakuweza kuja. Mama yake Mwinjuma alikuwa kitandani, hageuki bila kugeuzwa, na wa kumgeuza alikuwa Sikudhani peke yake.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mwalimu Kombo wa shule ya Mlimbogo alikuwa na simu yenye kioo kikubwa, na siku moja akagundua kwamba Ziara ya Miwani, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa ughaibuni, hufunguka hata kwa mtu aliyeko Mlimbogo, ikiwa atajaza kwamba yeye ni raia wa nchi nyingine. Mwalimu akajaza. Sikudhani akabeba mtoto mgongoni, akapanda kilima cha shule, akaonyeshwa mji mkuu wa nchi yake. Kituo cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu. Alipofika cha Nne akapiga kelele watoto wakatoka madarasani.

Jioni ile Mwinjuma alinisomea ujumbe bwenini: "Tumekuona leo. Umesimama vizuri. Hujakonda. Mtoto nimemwita Mboni. Nimemwambia huyu ndiye baba yako anakusalimia."

"Hujakonda!" Mwinjuma alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. "Kaka Tindwa, hiyo ni picha ya siku ile. Nitakondaje?"

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Sikudhani alipopata nafasi alipanda kilimani, na Mboni akakua akimzuru baba yake kama watu wazuruvyo nchi za mbali. Jumbe zilikuja: "Leo amekaa mwenyewe." "Leo amekupungia mkono, amecheka sana." "Jino limetoka. Namwogeshea kwenye sufuria la ubwabwa, limeanza kutomtosha." Mwinjuma alisoma hizo jumbe huku amekumbatia lile beseni, ambalo kwa mujibu wa sheria alitakiwa kulilinda hata usingizini.

Mara moja nilimsikia analigonga taratibu kwa kidole, gizani, kama mtu anayepima maji.

*

Bibi Hildrun akarudi. Barua ilipokuja kwamba yuko njiani, nchi ilipata homa. Maji ya shimoni yalibadilishwa. Kaimu Mbwa alikatazwa kukoroma kwa lafudhi ya mjini. Mheshimiwa Waziri mwenyewe akaja Kituo cha Nne na msafara, na mkalimani, na mtu wa kumshikia mkalimani maji.

Nasimulia niliyoyasikia, na mengine niliyoambiwa baadaye, maana mimi nilikuwa na ukuta.

Nilisikia hatua za mzee, polepole, na fimbo. Zikasimama mbele ya Mwinjuma. Kisha bibi akasema maneno mengi kwa sauti ndogo, na mkalimani akatafsiri:

"Anasema mume wake alifariki mwaka ule, na theluji ilikuwa nyingi, hakuna aliyebisha hodi. Anasema kila asubuhi alivaa miwani, akaja hapa, akapungiwa mkono na huyu bwana. Anasema hakuwa na mtu mwingine wa kumsalimia. Amekuja kusema ahsante."

Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule bibi tangu siku ya kwanza, kumbe naye alikuwa amefungiwa mahali.

Mwinjuma akasema, "Mwambie pole kwa msiba. Na mwambie, samahani sana, siku ile nilikuwa nasimamisha basi niende nyumbani."

Mkalimani akakohoa. Mheshimiwa Waziri akadakia: "Mwambie anasema karibu, hakuna matata."

Mkalimani akasema alivyoambiwa. Bibi akacheka kwa furaha, akataka kupiga picha ya ukumbusho. Akasimama bega kwa bega na Mwinjuma. Na kwa kuwa alitaka wafanane, maana ulinganifu ni ugonjwa wa kuambukiza, akainua mkono wake kama wa Mwinjuma, juu kabisa.

Ndipo nikasikia injini.

Ilikuja ikinguruma kama kila siku, nami nikangoja ipite kama kila siku. Haikupita. Nilisikia breki zinalia, kokoto zinaruka, na mlango unafunguka. Mgeni kainua mkono! Dereva alikuwa anafuata sheria.

Nadhani kila mtu alikuwa anamngoja mwenye cheo zaidi aseme. Nilimsikia Mwinjuma anapumua nyuma yangu, harakaharaka, na hasogei. Amesimama kando ya barabara, beseni kwapani, mkono juu, basi la Mlimbogo limesimama mbele yake mlango wazi, na hasogei! Karibu miaka miwili ya kuambiwa usitikisike, mwili wake ulikuwa umeshajifunza.

Hapo hasira zikanipanda. Nikauambia ukuta, kwa sauti:

"Panda, mjinga wewe! Unangoja nauli ya nani?"

Nikasikia beseni linagonga mlango wa basi. "Mwinjuma!" akaita Bi. Zawena. "Mkono! Kwenye picha..." Utingo akapiga bodi makofi mawili, "Twen'zetu!" na basi likaondoka. Bibi Hildrun akapiga makofi, na sisi, kwa mazoea, tukamfuatisha.

*

Utauliza kama alifuatwa. Hakufuatwa. Kumfuata kungekuwa kukiri kwamba ametoroka, na Mheshimiwa Waziri alilieleza Bunge vizuri sana kwamba nchini kwetu hakuna anayetoroka, kwa sababu hakuna aliyefungwa. Badala yake nafasi ikajazwa kimyakimya. Bi. Zawena alinilinganisha na kioo chake, akaona urefu unakaribiana, akanipa beseni jingine la bluu. Sasa mimi ni Kaimu Mpunga Mkono. Pengo la mgongo wangu limezibwa na shati la kijani lililotundikwa msumarini, na mpaka leo hakuna mtalii aliyelalamika.

Ujumbe wa Mwinjuma ulinifikia jioni moja, mrefu, umekatikakatika vipande.

Alifika Mlimbogo siku iliyofuata, asubuhi. Sikudhani alipomwona aliangusha ndoo. Mama yake alimshika uso akaupapasa wote. Lakini Mboni, ambaye sasa anatembea, alijificha nyuma ya kanga ya mama yake akalia kana kwamba kaona mwizi.

"Ni baba yako," Sikudhani akambembeleza. "Baba wa kwa Mwalimu Kombo."

"Si baba," mtoto akasema. "Baba mkono juu."

Walijaribu kila kitu, mihogo, ubwabwa, wimbo. Mtoto hataki. Mwishowe Mwinjuma akatoka nje, akasimama katikati ya ua, akatia beseni kwapani, akafunga mdomo, akainua mkono.

Mboni akachungulia. Akatoka nyuma ya kanga. Akacheka, akainua na wake, akaja mbio akamkumbatia mguu. Mwinjuma akainama ambebe, na mkono uliposhuka tu, kilio kikaanza upya. Ikabidi asimame tena vilevile. Akaandika kwamba alisimama hapo juani mpaka mtoto akasinzia juu ya mguu wake, na hata baada ya hapo aliogopa kujitikisa.

Sikudhani akamtoa mtoto, akamlaza ndani ya beseni la bluu. Kisha akarudi uani, akaushika ule mkono wa mumewe, akaushusha polepole kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba.

"Shusha, baba Mboni," akamwambia. "Umeshafika."

Nilisoma maneno hayo bwenini, nikayasoma tena. Asubuhi nikarudi kituoni nikainua mkono wangu. Basi la Mlimbogo likaja, likapita. Siti za nyuma zilikuwa tupu. Nikaitazama saa ya duka la viatu, sasa kwa kuwa naiona, na ilikuwa saa nne na robo.